Je, wajua tezi ya shingoni inaweza kupandisha kolesteroli?

Mama yangu mkubwa anaishi Ngamiani, Tanga. Alipopimwa akakutwa kolesteroli imepanda, mimi ndiye niliyemwambia aache tui la nazi. Aliacha miezi mitatu. Kipimo cha pili kikabaki palepale. Ndipo daktari akaagiza kipimo cha thairoidi, ndiyo hiyo tezi ya shingoni. TSH, yaani amri inayotoka ubongoni kuihimiza tezi, ilikuwa 8, ilhali kawaida haizidi 4 hivi. T4, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa bado sawa. Tezi imelegea kidogo, na shingoni hakuna rovu.

Niliamini kolesteroli huingia kwa mdomo tu. Sivyo. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Tui nalo lina mafuta yanayoganda, ambayo kweli huipandisha, kwa hiyo ushauri wangu haukuwa wa uongo, ulikuwa nusu. Nilihesabu kinachoingia, nikasahau kinachotoka.

Bandari yetu inafafanua vizuri. Miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali, shehena ikaletwa gatini kwa matishari. LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, ndiyo matishari yanayoelea damuni. Ini ndiyo bandari. Juu ya kila seli ya ini kuna vipokezi, na hayo ndiyo magati: tishari hufunga kamba, huvutwa ndani, hupakuliwa. Homoni ya thairoidi huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuiwasha jeni inayotengeneza vipokezi hivyo. Ikipungua, magati hupungua, na matishari yaleyale huzunguka muda mrefu zaidi yakingoja nafasi.

La ajabu zaidi ni hili: tezi ikilegea sana, ini hutengeneza kolesteroli kidogo kuliko kawaida, na bado damu hujaa, kwa kuwa upakuaji umepungua zaidi ya utengenezaji.

Kwa ulegevu mdogo, mambo si dhahiri hivyo. Ongezeko huwa dogo, wengine hawana kabisa. Huonekana zaidi TSH ikipita 10. Levothairoksini, dawa inayojazia homoni ya tezi, hushusha LDL kidogo, lakini haijathibitika kwamba huwakinga watu hawa na mshtuko wa moyo, na dozi ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa wazee. Tena TSH mara nyingine hushuka yenyewe, ndiyo maana kipimo hurudiwa kabla ya dawa.

Mama mkubwa anasubiri kurudia chake. Wali wa nazi umerudi mezani, ila sasa anaupikia tui la pili, lile jepesi.