Flashi imejaa shotikati? Usibofye kwanza

Juzi dada mmoja mwenye steshenari karibu na chuo kaniletea laptop, anasema fundi mafaili ya wanafunzi yote yamegeuka shotikati (ikoni ya njia ya mkato inayofungua kitu kingine) na kila flashi inayochomekwa inatoka nayo. Nikamuuliza, umezibofya? Akasema ndio, na folda ilifunguka kama kawaida.

Hapo ndo mtego ulipo. Folda halisi haijafutika, imefichwa tu, na shotikati imewekwa mahali pake kwa jina lile lile. Ukiibofya inafanya mambo mawili kwa mpigo, inawasha kirusi halafu inakufungulia folda yako ili usishtuke. Zamani kirusi cha flashi kilikuwa kinaweza kujiwasha chenyewe kwa faili la autorun.inf, kirusi Conficker cha 2008 kilitumia njia hiyo pia, ila Windows 7 ikaiziba kwa upande wa flashi na 2011 Microsoft wakapeleka sasisho la kuiziba kwenye XP na Vista, kwa hiyo siku hizi wanahitaji kidole chako. Bofya kulia, fungua Properties, soma pale kwenye Target: ukikuta cmd.exe au wscript.exe (programu za Windows za kuendesha amri na skripti) badala ya jina la folda, ushampata.

Sasa kuskani. Kwanza nazima waifai, na flashi yangu ya kazi siichomeki humo kabisa. Mnisamehe nalirudia hili kila mara, lakini watu wengi wanaskani ndani ya Windows ile ile inayoumwa wakati kirusi kiko macho, hiyo ni sawa na kumsaka mwizi huku taa kaishika yeye. Nenda Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline. Seva kazi zako kwanza maana mashine itajizima na kuwaka upya, itaskani kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi. Windows ikigoma kuwaka kabisa, tengeneza flashi ya uokoaji kama Kaspersky Rescue Disk, ila itengenezee kwenye kompyuta nyingine iliyo safi.

Ikirudi naangalia Task Scheduler (orodha ya kazi za ratiba) na vitu vinavyojiwasha na Windows, maana skripti ya kirusi, yaani faili la amri zake, ikibaki pale kesho yote yanarudi. Paswedi za imeili na benki badilisha kwa kifaa kingine, usizibadilishie humo.

Mafaili nayarudisha mwisho, kirusi kikishaondoka. Kama flashi ni E, fungua Command Prompt uandike amri hii ya kuyafichua:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Halafu futa zile shotikati. Tafadhali usiformati flashi ya mtu kabla ya kujaribu hii, kuna kijana pale alikuwa na ripoti yake ya fildi kwenye flashi moja tu, hana kopi nyingine, na ilirudi yote. Yule dada alikuwa na flashi 11 za wateja kwenye droo, tukaziskani moja moja mpaka jioni, 7 zilikuwa nacho.