Taya inauma miezi na meno ni mazima: shida iko wapi?

Wiki jana aliingia mama mmoja anauza omena pale Kibuye, hajakaa ata kwenye kiti vizuri ashafungua mdomo na kuweka kidole kwa gego la chini upande wa kulia, ananiambia, "Daktari, hili nalo toa, limekataa kuniacha." Kuangalia ndani naona mapengo matatu, mawili chini na moja juu, yote upande huohuo. Kumbe yametolewa ndani ya miezi minane, sehemu tofauti tofauti, na kila likitoka anapata nafuu siku tatu nne (hiyo ni dawa ya maumivu aliyopewa, si jino) alafu inarudi, na yeye anahamia jino linalofuata.

Nikaligonga lile gego kwa mpini wa kioo, halisemi kitu. Nikalipulizia hewa baridi, hamna. Eksirei safi, mzizi mzima, mfupa mzima. Basi nikaweka vidole mbele ya masikio yake nikamwambia fungua pole pole mama, na upande wa kulia nikaskia tak, kama njiti ya kiberiti inavunjika, taya ikakwepa pembeni kidogo kabla irudi katikati. Alafu nikabonyeza shavu, pale kwa ule msuli unaotuna ukikaza meno. Alinishika mkono. "Hapohapo daktari! Ndio hilo jino!" Na kidole changu kilikuwa nje ya mdomo, mbali na jino lolote.

Hii kitu naiona kila wiki hapa Kisumu ndio maana nimekaa chini kuandika. Penye unaskia uchungu na penye uchungu unatoka si lazima pawe mahali pamoja, na kwa uso hilo ndilo gumu kuliko mahali pengine pote. Kila upande wa uso una neva moja kubwa, trijemina, inayobeba habari za meno ya juu, meno ya chini, kiungo cha taya, misuli ya kutafuna, ngozi ya shavu, sinasi (zile nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso) na ata sehemu ya sikio. Ubongo unapokea zote kwa njia moja. Ni kama kondakta wa matatu imejaa, ameskia mtu nyuma amesema "shukisha" lakini hajui ni nani, so anagongea dereva asimame na anaangalia wa karibu. Huyo wa karibu mara nyingi ni jino, na jino halina wakili.

Kwanza nielezee hicho kiungo. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio alafu fungua na ufunge mdomo, utaskia kitu kinasonga. Hapo taya ya chini imekutana na fuvu na katikati kuna kigegedu kidogo, kama godoro. Viungo vingi vinafanya kazi moja, goti linakunja basi, lakini hiki kwanza kinazunguka alafu kinateleza mbele ukifungua zaidi, na cha kulia na cha kushoto lazima viende pamoja maana mfupa ni mmoja. Hicho kigegedu kikitoka mahali pake kidogo, ukifungua kinarudi kwa mshtuko, ndio ile tak. Sasa kama taya yako inalia tu lakini haiumi na haikwami, wacha. Usitibiwe. Watu wengi wanaishi na hiyo sauti mpaka wanazeeka.

Kuna wakati kinakataa kabisa kurudi na mdomo unafunguka nusu tu. Kipimo cha nyumbani ni vidole vyako vitatu vya katikati vilivyosimama wima, mtu mzima vinapaswa kuingia kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia viwili au kimoja, njoo. Na kuna kinyume chake, taya kutoka na mdomo kubaki wazi. Niliwahi kuletewa kijana alipiga mwayo kwa kesha saa tisa usiku, akaja na boda amejifunika leso ya mama yake, hawezi kuongea, mate yanatiririka na shemeji yake nyuma anajaribu asicheke. Hiyo inarudishwa kwa mikono, vidole gumba ndani, unasukuma chini alafu nyuma, lakini tafadhali msirudishiane nyumbani.

Lakini kwa wengi wanaokuja kwangu kiungo chenyewe hakina neno, ni misuli. Meno ya juu na ya chini hayajaumbwa kukaa yakigusana mchana kutwa, yanagusana ukitafuna na ukimeza, ukijumlisha ni dakika chache tu kwa siku. Sasa jiangalie ukiwa kwa foleni ya jam ya Kondele, au ukisoma meseji ya fii za shule. Meno yamekazana! Wengine wanasaga usiku, na mwenye anajua si wewe ni mwenye mnalala chumba kimoja. Unaamka taya imechoka kama umetafuna usiku mzima, kichwa kinauma pembeni hapa kwa panja, ikifika saa nne imepungua. Hiyo saa ni ya maana sana kwangu. Uchungu wa asubuhi unaopungua naenda kwa kusaga, wa jioni naenda kwa kazi ya mchana, kukaza meno, chingamu, miraa na muguka unaotafunwa masaa upande mmoja. Huku kwetu ongeza miwa. Watu wa Kibos na Muhoroni wanamenya kwa meno tangu wadogo na nawapenda, lakini taya yenye inauma usiipe muwa.

Na hapana, si minyoo. Kila mtoto akisaga meno usiku nyanya anasema ana minyoo apewe dawa. Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake, ila kusaga kwa watoto ni kawaida na wengi wanaacha wenyewe wakikua.

Huyu mama wa omena anaamka saa tisa usiku kukimbilia mzigo, ana watoto wawili sekondari, na tangu meno ya kulia yatolewe anatafuna kushoto peke yake, so kazi ya taya yote imeegemea upande mmoja. Mnaona vile ilienda? Jino la kwanza lilitolewa bila sababu, alafu kutolewa kwake kukawa sababu.

Nilimpa kazi ya nyumbani na nitawapa pia. Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi upumzike juu nyuma ya meno ya mbele, na uweke alama mahali, yeye amefunga uzi mwekundu kwa mizani, kila akiuona anaachilia taya. Kitambaa cha maji moto kwa shavu dakika 15 hivi asubuhi na jioni. Wiki mbili tatu bila mahindi choma, njugu ngumu wala nyama ya kupigana nayo (ugali na samaki haina shida, ugali haitafunwi sana kusema ukweli). Ukipiga mwayo shika kidevu kwa mkono. Ibuprofeni siku chache baada ya chakula kama huna vidonda vya tumbo, shida ya figo wala mimba. Wanaosaga vibaya tunawatengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa usiku kwa kupima meno yao wenyewe. Wengi wanapata nafuu kwa hizi kitu ndogo ndogo bila upasuaji. Na mtu akikwambia akuchonge meno mazima ndio "yakae sawa" taya iache kuuma, mi ningemshukuru na kuondoka, juu meno yakishachongwa hayarudi.

Sisemi meno hayana makosa, mara nyingi yanayo. Jino lenye limeoza mpaka ndani linaamka usiku, linachukia chai moto, na usaha ukikaa kwa mzizi ukiligonga unaruka. Gego la mwisho, lile linatoka miaka 17 hadi 25 hivi, likikosa nafasi linaingiza chakula chini ya ufizi, panavimba na mdomo unakataa kufunguka. Jino limepasuka je? Hilo ni mjanja, linauma ukiachilia kutafuna zaidi ya ukiuma, na eksirei yaweza isilione. Lakini uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, kumeza kunakuwa ngumu, sauti inabadilika, hiyo si ya kungoja Jumatatu wala kuongeza dawa kwa kemisti, ni hospitali usiku huohuo, na mwenye sukari akimbie zaidi. Meno ya juu kadhaa yakiuma pamoja na ukiinama kufua yanazidi, na pua imeziba, angalia sinasi kabla ya meno.

Niliwahi kufanya kazi Nakuru na huko wengi walikuja wakilaumu meno ya rangi ya kahawia, wakidhani ndio yameoza na yanaumiza taya. Ile rangi ni floraidi ya maji ya Bonde la Ufa uliyokunywa ukiwa mtoto. Haiumizi taya.

Sasa kosa langu mwenyewe. Nikiwa mpya kazini alikuja mzee, wa miaka sitini na kitu, anasema anapigwa na stima kwa taya, sekunde chache tu inaisha, alafu inarudi akinawa uso au akipigwa na upepo kwa boda. Hakuwa ananyoa upande ule, ndevu zilikuwa zimeota nusu uso, na mimi niliona nikadhani ni umri. Nikatafuta jino, nikapata lenye kishimo kidogo, nikachimba nikaziba, akarudi wiki iliyofuata vilevile. Zile ndevu ndizo zilikuwa jibu: aliogopa kugusa pale, kugusa tu kunaiwasha. Hiyo ni neva yenyewe, ile trijemina, mara nyingi mshipa wa damu unaigandamiza karibu na ubongo, inapenda waliopita miaka 50, na dawa za kawaida za maumivu haziifanyi kitu. Inatibiwa na kabamazepini, dawa ya kifafa, na mtu anapigwa picha ya MRI kuhakikisha hakuna kingine. Siku hizi mzee akikuja na nusu ndevu, mashine ya kuchimba siigusi.

Taya inayouma ukipanda ngazi au kubeba mzigo na inaacha ukipumzika, hiyo ni moyo mpaka ithibitishwe vingine. Kama kuna jasho baridi, kukosa pumzi, kichefuchefu, kifua kubana au mkono kuuma, usikuje kwangu. Nenda kwa dharura ya hospitali. Wanawake hasa, maana kwao kifua chaweza kisiwe ndio kinalalamika zaidi.

Na watoto. Hapa ukanda wa Ziwa siwezi kumaliza bila kusema hii. Mtoto wa miaka minne, saba, taya imevimba, magego yanacheza yenyewe na hayajafika wakati wa kutoka, mara nyingi ata halii uchungu, watu wanasema ni jino wanampeleka kung'olewa. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, aliandika kuhusu saratani ya aina hiyo, na baadaye ikaonekana inafuata maeneo ya malaria kali, yetu yakiwemo. Mwaka 1964 kutoka kwa uvimbe wa watoto wa Uganda ndipo kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na saratani hiyo, kilipogunduliwa. Inakua haraka ya kutisha, kwa siku si miezi, lakini inaskia dawa vizuri sana ikiwahiwa. Kwa hivo nikiona taya ya mtoto imevimba na meno yanalegea sing'oi kitu, natuma Russia siku hiyohiyo (wageni wa Kisumu, Russia ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga).

Mtu mzima naye mwenye ganzi kwa mdomo wa chini bila sababu, au kidonda hakiponi wiki tatu, asikae. Na kama umewahi kutibiwa saratani ukapewa dawa za kuimarisha mifupa, niambie KABLA sijashika koleo, kwa sababu taya baada ya hizo dawa inaweza kukataa kupona.

Ukija, nisaidie na hizi: inaanza saa ngapi, inakaa muda gani, ni nini kinaiwasha na nini kinaizima, ulianguka au kugongwa kidevu lini, ata kama ni boda ya mwaka jana. Picha za zamani beba.

Yule mama alirudi jana, uzi mwekundu ameufunga sasa kwa kidole, anasema taya imekuwa nyepesi ila bado inalia tak. Vidole vitatu vimeingia. Akavaa slipasi, akafika mlangoni akageuka. "Na yale matatu daktari?" Nikamwambia arudi mwezi ujao tupime, tutamtengenezea meno ya kuvaa.