Nyumba ya Uzeeni Katika Pwani ya Thailand: Kipi ni Chako na Kipi si Chako

Malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu la sheria kuhusu nyumba za wastaafu katika vijiji vya pwani ya Thailand yameongezeka kiasi kwamba tumeona ni heri kuandika mara moja kwa wote kuliko kuendelea kumjibu kila mmoja kwa barua yake. Mikasa yenyewe hufanana. Mtu amemaliza miaka yake ya kazi, iwe Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au Birmingham. Amekwenda likizo mara mbili tatu Bang Saphan, Chumphon au Trang. Amependezwa na minazi, samaki wabichi na bei ya mafundi, kisha akalipia nyumba mpya karibu na bahari. Inapofika mwaka wa pili au wa tatu ndipo anapotuuliza swali alilopaswa kuliuliza kabla msingi haujachimbwa: je, nyumba hii ni ya nani?

Sheria ya Ardhi ya Thailand ya mwaka 1954 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa mkataba maalumu baina ya nchi na nchi, na leo hakuna mkataba wa namna hiyo unaotumika. Ipo njia ya mwekezaji aletaye baht milioni 40, ambaye anaweza kuruhusiwa rai moja ya makazi, yaani mita za mraba 1,600, kwa idhini ya Waziri wa Mambo ya Ndani na katika miji au maeneo yaliyotengwa kuwa ya makazi. Anayetegemea pensheni na kutamani kijiji cha wavuvi hana haja ya kuifikiria njia hiyo. Tunakiri kwamba mshangao wa baadhi ya wasomaji wetu hutuchosha. Mtanzania anajua kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na Mkenya anajua kwamba Katiba ya mwaka 2010 inampa mgeni upangaji usiozidi miaka 99. Wote wawili wanaona ni haki kabisa mgeni asiuziwe kiwanja Bagamoyo au Malindi, lakini wakifika Chumphon huona wameonewa.

Nyumba ni jambo jingine. Kanuni ya Madai na Biashara ya Thailand inasema kwamba jengo lililowekwa juu ya ardhi ya mwingine na mtu aliyekuwa na haki ya kulijenga hapo halihesabiwi kuwa sehemu ya ardhi ile. Kwa hiyo mgeni anaweza kumiliki kuta, paa na milango, ilhali udongo ulio chini yake ni wa mwenye kiwanja, mradi awe na haki iliyosajiliwa katika Ofisi ya Ardhi kabla ujenzi haujaanza. Hapa ndipo anayejenga upya anapokuwa na nafuu kuliko anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa. Kibali cha ujenzi, ambacho hutolewa na utawala wa kata unaoitwa kwa ufupisho Or Bor Tor, au na manispaa ikiwa kiwanja kimo mjini, kinaweza kuombwa kwa jina lake tangu mwanzo, na kikiunganishwa na mkataba wa mkandarasi pamoja na stakabadhi za malipo, kinakuwa ushahidi wa umiliki. Anayenunua nyumba ya zamani bila ardhi yake hulazimika kusubiri tangazo la siku 30 libandikwe hadharani kabla uhamisho haujasajiliwa. Wengi huacha kibali kiandikwe kwa jina la mwenye ardhi, au la mkandarasi, kwa kuwa “ndivyo wanavyofanya hapa kijijini”, kisha hutuletea kitabu cha nyumba chenye jalada la njano kama uthibitisho. Tumeeleza mara nyingi na tunaeleza tena: kitabu hicho huandika nani anaishi katika anwani ile, hakisemi nani anaimiliki.

Kuhusu haki ya kusajili, ziko tatu zinazomhusu mstaafu. Ya kwanza ni upangaji wa ardhi. Upangaji unaozidi miaka mitatu usiposajiliwa hauwezi kudaiwa mahakamani zaidi ya miaka hiyo mitatu, na muda wake wa juu kabisa ni miaka 30. Maneno “30 na 30 na 30” yanayopambwa katika vipeperushi vya madalali ni ahadi kati ya wawili waliotia saini. Hayasajiliwi kama upangaji wa miaka 90, wala hayamfungi atakayeinunua ardhi baadaye. Usajili hulipiwa asilimia 1 ya kodi yote ya muda uliosajiliwa na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1. Ardhi ikiuzwa, upangaji uliosajiliwa unabaki. Mpangaji akifariki, kwa kawaida unakoma naye, isipokuwa mkataba umewataja warithi kwa uangalifu, na hilo mstaafu halipaswi kuliona dogo. Ya pili ni haki ya kuwa na jengo juu ya ardhi ya mwingine, ambayo Wathai huiita sitthi nuea phuen din. Hii inaweza kutolewa kwa miaka hadi 30 au kwa maisha ya mhusika, na, kama hati yake haikukataza, inaweza kuhamishwa na kurithiwa; ndiyo tunayoishauri kwanza kwa anayejenga, peke yake au sambamba na upangaji. Ya tatu, sitthi kep kin, ni haki ya kutumia ardhi na kufaidika nayo, nayo hufa na mwenye haki.

Waliooa au kuolewa na Wathai hudhani ndoa imemaliza habari. Mwenzi Mthai anaweza kununua ardhi, lakini Ofisi ya Ardhi itawataka wote wawili watie saini tamko kwamba fedha za ununuzi ni mali binafsi ya huyo Mthai. Ukishalitia saini huwezi kurudi kesho na kudai nusu. Zaidi ya hapo, mkataba kati ya mume na mke uliofanywa ndani ya ndoa unaweza kutenguliwa na yeyote kati yao wakati wowote wa ndoa, au ndani ya mwaka mmoja baada ya ndoa kuvunjika, na hiyo ni sababu moja inayofanya baadhi ya ofisi za ardhi zisite kusajili haki ya kep kin kati ya wanandoa.

Njia ya kuazima jina la Mthai, au ya kufungua kampuni ambayo wanahisa wake Wathai hawajui hata inafanya nini, haijawahi kuwa “mwanya”. Mgeni anayeshika ardhi kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka miwili, au kutozwa faini isiyozidi baht 20,000, au vyote viwili. Mthai aliyeazima jina lake anakabiliwa na adhabu hiyo hiyo. Ardhi yenyewe lazima iuzwe ndani ya muda utakaowekwa, usiopungua siku 180 na usiozidi mwaka mmoja, na muda ukipita Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Ardhi ana mamlaka ya kuiuza. Kwa upande wa kampuni, Sheria ya Biashara za Wageni ya mwaka 1999 inaongeza kifungo cha hadi miaka mitatu, au faini ya kati ya baht 100,000 na baht 1,000,000, au vyote. Mwanasheria aliyekuandikia kampuni hiyo hatakusindikiza gerezani.

Kabla ya hayo yote, tazameni hati. Chanote, yenye nembo nyekundu ya garuda, ndege wa hadithi, imepimwa kikamilifu na mipaka yake inajulikana. Nor Sor 3 Gor, yenye garuda ya kijani, inakubalika kwa tahadhari. Nor Sor 3, yenye garuda nyeusi, haina vipimo vya uhakika. Sor Por Kor ni ardhi ya mageuzi ya kilimo waliyopewa wakulima, nayo hairuhusiwi kuuzwa, hata kama mkulima mwenyewe ana nia njema na bei ni ya kupendeza. Karatasi ya kodi ya ardhi si hati ya kitu chochote. Karibu na bahari lipo jambo la ziada: ufuo ni mali ya umma, na vipo vizuizi vya ukaribu na maji na vya urefu wa jengo vinavyotofautiana mkoa kwa mkoa, hivyo Or Bor Tor iulizwe kwa maandishi. Bahari nayo ina masharti yake. Upande wa Bahari ya Andaman, yaani magharibi, hupigwa na mvua na mawimbi ya kusi kati ya Mei na Oktoba, ilhali mikoa ya Ghuba ya Thailand upande wa kusini hupata mvua zake kubwa mwishoni mwa mwaka. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilifuta sehemu kubwa ya kijiji cha Ban Nam Khem mkoani Phang Nga, na mwaka 1989 kimbunga Gay kiliivuruga Chumphon. Mteja akituonyesha ramani ya nyumba ambayo sakafu yake iko sawa na mchanga, tunamrudisha kwa mhandisi kabla ya kusoma mkataba wake.

Nyumba ikishasimama, kinachobaki ni haki ya kukaa ndani yake, na umiliki wa nyumba hautoi haki hiyo hata kwa siku moja. Mstaafu mwenye umri wa miaka 50 na zaidi huongezewa muda mwaka kwa mwaka akionyesha baht 800,000 katika benki ya Thailand, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko unaofikia 800,000 kwa mwaka. Akitumia njia ya akiba, fedha ziwe zimekaa miezi miwili kabla ya ombi, zisiguswe miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na baada ya hapo zisishuke chini ya baht 400,000. Zisihesabiwe kama fedha za kumalizia bwawa la kuogelea. Wako waliofanya hivyo. Ada ya fomu TM.7, ya kuomba nyongeza hiyo, ni baht 1,900. Kila anapolala mgeni, mwenye makazi huiarifu Idara ya Uhamiaji kwa fomu TM.30 ndani ya saa 24, na kama makazi ni yako, mwenye kuarifu ni wewe. Faini ni hadi baht 2,000. Kila baada ya siku 90 unaripoti anwani kwa fomu TM.47, kuanzia siku 15 kabla hadi siku saba baada ya tarehe, na ripoti hiyo haiongezi muda wa kukaa hata kidogo. Ukitoka nje ya nchi bila kibali cha kurejea, cha baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi, muda wako unafutika mpakani. Kuzidisha muda hutozwa baht 500 kwa siku hadi baht 20,000. Aliyezidisha zaidi ya siku 90 akajisalimisha huzuiwa kurudi Thailand kwa mwaka mmoja, aliyezidisha zaidi ya mwaka huzuiwa mitatu, na aliyekamatwa huzuiwa mitano au 10.

Ruhusa ya mstaafu si ruhusa ya kazi. Kusimama na mkandarasi na kukagua ni sawa. Kushika mwiko na kujenga ukuta mwenyewe kunaweza kuleta faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kuondoshwa nchini. Anayekaa siku 180 au zaidi katika mwaka ni mkazi wa kodi, na tangu tarehe 1 Januari 2024 kipato cha nje anachokiingiza Thailand kinaweza kutozwa kodi, pensheni ikiwemo. Wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wabebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na fomu ya kidijitali ya kuingia, ambayo hailipiwi, ijazwe ndani ya siku tatu kabla ya kufika.

Anayetaka tumkagulie mkataba alete, kabla ya kulipa malipo ya awali, nakala ya hati ya ardhi pande zote mbili, rasimu ya mkataba katika Kithai pamoja na tafsiri yake, na ombi la kibali cha ujenzi lenye jina la mwombaji. Upande wa nyuma wa hati ndiko rehani, upangaji na haki za wengine zinakoandikwa. Nakala ya upande wa mbele peke yake tutairudisha bila kuisoma.