Ngoma ya chatu haikuanzia kwa wazungu

Kuna hii stori hapa Mwanza, watu wanairudia kila siku, eti ile ngoma ya kucheza na chatu pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ni maigizo ya watalii. Hapana jamani.

Wasukuma wana vyama vya ngoma, wakubwa ni Bagika na Bagalu, na ushindani wao ni wa tangu karne ya 19, kabla mkoloni hajafika. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa 6 hivi, timu mbili zinapangwa uwanja mmoja, kila moja na upande wake, zinaanza muda mmoja na anayevuta watu wengi ndo mshindi, basi hapo utaona kila mbwembwe, huyu katoa chatu, yule anarusha majembe, na dawa za kuvuta watu ndo usiseme. Anayegombaniwa pale ni jirani wa kijiji cha pili, mtalii hata hajulikani!

Bujora yenyewe, pale Kisesa, ilianzishwa na padri Mkanada, David Clement, miaka ya 1950, na Bulabo, yale mashindano ya ngoma ya kila mwaka, inachezwa kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, kwahiyo ukitafuta mkono wa mgeni anza na kanisa.

Utalii nao umebadilisha kitu, sikatai. Show ya mgeni ni fupi, inapigwa hata msimu wa kulima, na mpinzani hayupo. Kwa maoni yangu hapo ndo utamu unapopungua, maana bila upande wa pili nani anashindwa?