Adhabu ya kifo: swali tunaloliruka tunapobishana

Kila Mahakama Kuu inapokaa kusikiliza kesi za mauaji hapa Mtwara au Lindi, mjadala wa kitanzi huamka upya vijiweni na redioni. Kuna wanaosema aliyeua naye auawe. Kuna wanaosema uhai ni wa Mungu, hakuna binadamu mwenye haki ya kuutoa. Sisi tunaotoa msaada wa kisheria katika mikoa hii tunaona swali moja linarukwa katika mabishano hayo: kwa nini sheria yetu haimpi jaji nafasi ya kupima?

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaelekeza kwamba anayetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia atahukumiwa kifo. Jaji hana adhabu ya pili ya kuchagua. Sheria inawaepusha na kitanzi mjamzito na yule ambaye hakuwa ametimiza miaka 18 alipotenda kosa. Kwa wengine wote, wakili anaweza kusimama na kueleza kwamba mteja wake hajawahi kushtakiwa, kwamba ana watoto wadogo, kwamba alijisalimisha polisi kwa miguu yake. Maneno hayo yataandikwa kwenye jalada, na hukumu itabaki ile ile.

Wengi hudhani kukusudia maana yake ni kupanga kuua. Sheria imekwenda mbali zaidi ya hapo. Kwa kifungu cha 200, dhamira ovu inakuwepo hata pale mtu alipokusudia tu kumdhuru mwenzake vibaya. Chukulia msimu wa mabibo, wanaume wawili wanakunywa uraka kilabuni huko Tandahimba, wanagombana juu ya mpaka wa mikorosho. Mmoja anaondoka. Baada ya muda mrefu anarudi na panga, anamkata mwenzake mguuni ili, kwa maneno yake, amtie adabu. Majeruhi anapakiwa kwenye bodaboda, damu inamwishia njiani kabla ya kufika hospitali. Kwa kuwa hasira ilikuwa na muda wa kupoa, utetezi wa kughadhabishwa unaweza kukataliwa, na ulevi wa kujitakia mara nyingi hausaidii. Mtu huyo anaweza kuhukumiwa kifo sawasawa na aliyekodi watu wamuue ndugu yake ili arithi shamba.

Lau mahakama ingeona aliua bila kukusudia, jaji angekuwa na uwanja mpana: kutoka kifungo cha miaka michache hadi kifungo cha maisha. Yaani maisha ya mtu yanategemea kesi imeangukia upande gani wa mstari mwembamba sana. Hapo ndipo kosa la sheria hii lilipo kwa maoni yangu, na halihitaji mtu awe mpinzani wa adhabu ya kifo ili alione.

Ukanda wetu ni wa Waislamu wengi, na hoja ya kisasi husikika sana. Naiheshimu. Lakini kisasi katika sharia ya Kiislamu kina milango mitatu: warithi wa marehemu wanaweza kudai kisasi, kupokea dia, yaani fidia ya damu, au kusamehe. Kanuni ya Adhabu haina milango hiyo. Mshitaki ni Jamhuri. Wazee wa koo mbili wakikaa, wakasameheana na kulipana, jaji bado anabanwa na kifungu cha 197. Familia za marehemu zinazofika ofisini kwetu mara nyingi hata hazizungumzii kitanzi. Zinauliza kesi imefikia wapi, mbona shahidi hajaitwa, nani atawalipia watoto shule. Sheria yetu inawaahidi adhabu kubwa kabisa, na maswali hayo inayaacha bila majibu.

Ahadi yenyewe haitekelezwi. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990. Miaka 10 yote ya urais wa hayati Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, ilipita bila mtu kunyongwa. Hayati John Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba hatatia saini mtu anyongwe. Hukumu zinaendelea kutolewa, na waliohukumiwa wanaendelea kusubiri. Hiyo nayo ni adhabu, ambayo hakuna jaji aliyeitamka.

Mahakama zimeshalishughulikia jambo hili. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la Mbushuu, aliamua kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ikasema Katiba yenyewe, ibara ya 30(2), inairuhusu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi, ikaitaka Tanzania ibadili sheria. Uganda iliondoa ulazima huo mwaka 2009, Kenya 2017, zote kupitia mahakama zao za juu. Ukivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala unaingia Msumbiji, ambako adhabu ya kifo ilifutwa na Katiba ya mwaka 1990.

Bado kuna hofu ya kumhukumu asiyehusika. Matukio mengi hutokea usiku, na shahidi anasema alimtambua muuaji kwa mwanga wa koroboi. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, mahakama zimeshikilia kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu: lazima shahidi aeleze mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, alisimama umbali gani, alimwona kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla au la.

Ndugu yako akishtakiwa kwa mauaji, dhamana haipo, na kesi itaanzia mahakama ya chini kabla ya kupelekwa Mahakama Kuu. Ana haki ya wakili anayelipiwa na serikali. Amweleze wakili huyo mapema kila kilichotangulia: matusi, ugomvi wa zamani, kipigo, ugonjwa wa akili. Kwa sheria ilivyo leo, mambo hayo yakisubiri hadi baada ya kutiwa hatiani, jaji hana la kufanya nayo.