Gavana kuhama chama: kiti ni cha nani?

Gavana anahama chama pale anapokiacha chama kilichomdhamini kwenye uchaguzi na kujiunga na kingine kabla muhula wake haujaisha, huku ofisi na madaraka akibaki navyo. Nchini Nigeria, kwenye majimbo 36, hayo hutokea mara nyingi, na safari ya Rotimi Amaechi wa jimbo la Rivers inaonyesha mahali penye utata.

Amaechi alikuwa Spika wa Bunge la Rivers kuanzia 1999 hadi 2007. Alishinda kura za mchujo za chama cha PDP ili agombee ugavana, lakini chama kikamwengua na kumsimamisha Celestine Omehia. Omehia alishinda Aprili 2007 na kuapishwa Mei. Amaechi hakukubali, akafungua kesi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ilimwondoa Omehia na kuamuru Amaechi aapishwe, ingawa siku ya kura hakuwa mgombea. Majaji walisema kinachopigiwa kura ni chama, na mgombea halali wa PDP alikuwa Amaechi. Tena karatasi ya kura ya Nigeria huwa na nembo za vyama, haina majina ya wagombea.

Alichaguliwa tena 2011. Novemba 2013, uhusiano wake na Rais Goodluck Jonathan ukiwa umeharibika, yeye na magavana wenzake wanne wa PDP walihamia chama cha APC. Mtu aliyepewa kiti kwa sababu kura ni za chama alikiacha chama hicho, na kiti akabaki nacho hadi Mei 2015.

Aliwezaje? Katiba ya Nigeria ya 1999 inamvua kiti mbunge anayehama, wa taifa au wa jimbo, isipokuwa chama chake kiwe kimegawanyika au kuungana na kingine. Kuhusu gavana imenyamaza. Hutoka kwa kifo, kujiuzulu, maradhi yanayomzuia kufanya kazi, au kung'olewa na bunge la jimbo. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Abuja ilijaribu kuliziba pengo hilo: iliamua Dave Umahi wa Ebonyi, aliyehamia APC 2020, aondoke kwa kuwa kura zilikuwa za PDP. Hukumu haikumng'oa, alimaliza muhula wake 2023.

Kwa maoni yangu pengo hili linamwonea mpigakura. Mbunge mmoja kati ya mamia anabanwa, ilhali gavana anayeshika bajeti ya jimbo zima anaachiwa.

Kenya nayo iko hivyohivyo. Katiba ya 2010 inamwondolea kiti mbunge anayekihama chama chake (kifungu cha 103) na mwakilishi wa wadi (194), lakini kifungu cha 182, kinachotaja sababu za kiti cha gavana wa kaunti kuwa wazi, hakigusi kuhama chama.