Uzito wa mtoto umepanda, mama je?

Kliniki ya watoto tunapima uzito, tunachanja, tunajaza kadi. Aliyembeba mtoto huyo huondoka bila kuulizwa kama analala. Mimi ni mnasihi hospitalini, na akina mama wengi hufika kwangu wakilalamikia kichwa, mgongo, au maziwa kutotoka. Neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hawalitaji.

Machozi ya ghafla siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua ni kawaida. Homoni zimeshuka kwa kasi, usingizi umekatika, mwili unauma. Mzazi akipikiwa mtori, akafuliwa nguo na kuachwa alale, mara nyingi hutulia ndani ya wiki mbili. Hizo ndizo kipimo changu. Zikipita naye bado halali hata mtoto akilala, chakula hakishuki, akimshika mwanawe hahisi chochote, basi aje. Hapo hadeki. Mama mkwe atasema, "Sisi tulizaa saba hatukulia," na kushauri wangoje arobaini iishe. Kungoja huko kunatuletea waliochelewa. Wapo pia wanaoanza kuumwa miezi kadhaa baadaye, ndugu waliokuja kuwalea wakiwa wamesharudi kwao.

Si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona.

Wengine hudhani wataitwa kupewa mawaidha: vumilia, omba Mungu. Hayo mama ameshayasikia nyumbani. Kwangu tunakaa kama dakika 45, mara moja kwa wiki, na msemaji mkuu ni yeye. Tunachukua wazo moja, tuseme "mimi ni mama mbaya", tunalichambua limetoka wapi na lina ushahidi gani. Kisha tunapanga jambo dogo la wiki hiyo, kama mume kubaki na mtoto ili yeye alale saa nne mfululizo. Kazi ya namna hii ilijaribiwa vijijini Pakistan na wahudumu wa afya wa jamii, si madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto alipofikisha miezi sita, waliokuwa bado na sonona ni asilimia 23, dhidi ya 53 kwa wasiopata huduma hiyo.

Anayoyasema ni siri, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Wengi huficha picha zinazowajia za kumdondosha mtoto, wakihofia kunyang'anywa. Mawazo hayo, yanapomtisha mama mwenyewe, ni ya kawaida katika ugonjwa huu. Yaseme.

Lakini akikesha siku kadhaa bila kuchoka, akisikia sauti, akidai mtoto si wake, au akizungumzia kufa, usimtafutie mnasihi wala mganga. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake wala peke yake na mtoto.

Kwa wengine wote, pa kuanzia ni palepale kliniki. Muuguzi akimaliza kujaza kadi ya mtoto, mwambie wewe hulali.